Uso wa Ngoma katika Kompyuta

Nyasubi ni kata ya mji wa Kahama, mkoani Shinyanga. Hapo wamekutana Wasukuma, Wanyamwezi na Wasumbwa, pamoja na wageni wengi waliovutwa na biashara na dhahabu, na muziki wa mahali hapo umechanganyika vivyo hivyo. Katika muda wa juma moja msikilizaji aweza kusikia kwaya ya kanisa, ngoma za Kisukuma za vyama vya Wagika na Wagalu, ambavyo ushindani wao ulianza katika karne ya 19, bugobogobo ya wakulima ichezwayo kwa majembe, na singeli ya Dar es Salaam iliyofika kwa simu.

Tuseme kwamba mwalimu na wanafunzi wake wanataka kuziweka sauti za ngoma hizo ndani ya kompyuta. Hawataki kuzihifadhi tu kama zilivyohifadhiwa zamani katika kaseti. Wanataka mwanafunzi aweze kuzipiga mwenyewe, pigo baada ya pigo, azipange upya na kuzijaribu. Programu za kazi hiyo zipo, na baadhi yake ni programu huria, yaani mtu ye yote aweza kuzipata bila malipo, kusoma jinsi zilivyoandikwa na kuzibadili. Lakini watakapoifungua mojawapo, yaelekea watakuta mbele yao picha ya piano na safu ya visanduku 16. Ngoma yao haina piano, na huenda mzunguko wake hauna mapigo 16.

Sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa huitwa kiolesura. Wengi hudhani kwamba kazi ya kukisanifu ni kukipamba. Makala haya yataonyesha kwamba kiolesura huamua muziki upi uwe mwepesi kuupiga na upi uwe mgumu, na kwamba uzuri wake hapana budi upimwe kwanza hapo.

Sampuli ya sauti

Neno sampuli lina maana ile ile ya maabara: kipande kidogo kinachochukuliwa ili kiwakilishe kitu kizima. Kipaza sauti hugeuza mitetemo ya hewa kuwa mabadiliko ya umeme, na kompyuta huyapima mabadiliko hayo mara nyingi katika kila sekunde. Sikio zuri la kijana husikia mitetemo hadi kadiri ya 20,000 kwa sekunde, na kanuni ya upimaji yataka idadi ya vipimo izidi maradufu ya mtetemo wa juu kabisa. Ndiyo sababu diski za CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982, zilipewa vipimo 44,100 kwa sekunde. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani baiti 2, hivyo chaweza kuwa mojawapo ya ngazi 65,536. Mwanafunzi aweza kujihesabia: sekunde moja ya sauti ya mkondo mmoja yahitaji baiti 88,200, na pigo la ngoma lidumulo sekunde 2 lahitaji baiti 176,400. Hata kompyuta kuukuu ya shule aweza kubeba maelfu ya mapigo kama hayo.

Programu ya sampuli hukifunga kipande hicho kwenye kitufe, ili kitufe kikibonyezwa kipande kisikike. Aidha, yaweza kukipandisha au kukishusha kwa kukicheza upesi zaidi au polepole zaidi. Kupanda nusu-toni moja ni kuzidisha kasi kwa 1.0595, kupanda oktava nzima ni kuizidisha kwa 2, na hapo muda wa sauti hupungua nusu. Ndiyo maana sauti ya mtu iliyopandishwa mno husikika kama ya kikaragosi, na mrindimo wa ngoma kubwa ukawa mlio wa kopo.

Jambo la tatu ndilo linalotofautisha kazi nzuri na mbovu. Pigo zito la ngoma si pigo jepesi lililoongezewa sauti. Ngozi ikipigwa kwa nguvu hutetemeka kwa namna nyingine, na ukali wa mlio hubadilika pamoja na ukubwa wake. Kwa hiyo mrekodi mwangalifu hunasa kila ngoma ikipigwa kwa wepesi, kwa wastani na kwa nguvu, na kila daraja hulinasa mara kadhaa, maana sampuli moja ikirudiwa mbiombio sikio huitambua mara moja kuwa ni mashine. Katika makubaliano ya MIDI ya mwaka 1983, yanayounganisha vyombo vya muziki na kompyuta, nguvu ya pigo huandikwa kwa namba isiyozidi 127. Programu huisoma namba hiyo na kuchagua sampuli inayofaa.

Mpango huu wote waweza kuandikwa katika faili la maandishi matupu la aina iitwayo SFZ: sampuli ipi, kitufe kipi, nguvu kutoka ngapi hadi ngapi. Programu huria ya sfizz husoma faili hilo. LinuxSampler nayo hulisoma, na hiyo ina mafunzo ya pekee kwa msanifu, kwa sababu injini yake haina uso kabisa. Injini hucheza sauti tu, na hupokea amri za maandishi kutoka programu nyingine. Qsampler na JSampler ni nyuso mbili zilizoundwa na watu mbalimbali kwa ajili ya injini hiyo moja. Mwanafunzi ajuaye kuandika programu ndogo aweza kuunda uso wa tatu pasipo kuigusa injini. (Yafaa atahadhari: leseni ya LinuxSampler huzuia matumizi fulani ya kibiashara pasipo ruhusa, na kwa sababu hiyo wapo wasiokubali kuihesabu kuwa huria kamili. Leseni ya sfizz haina kizuizi hicho.)

Visanduku vilitoka wapi

Mwaka 1979 ilitokea huko Sydney, Australia, mashine iitwayo Fairlight CMI, kazi ya Peter Vogel na Kim Ryrie. Ilikuwa na kinanda kama cha piano, na kioo ambacho mpigaji alikigusa kwa kalamu ya mwanga. Bei yake iliwafaa wanamuziki matajiri na vyuo tu. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ikatoa mashine ya midundo TR-808, yenye vitufe 16 katika mstari mmoja. Mwaka 1988 Akai, nayo ya Japani, ikatoa MPC60 iliyosanifiwa na Mmarekani Roger Linn, na hiyo ikawa na pedi 16 za mpira zilizopangwa 4 kwa 4.

Mashine hizo zilitengenezwa kwa muziki wa watu waliozitengeneza. Mapigo 4, kila moja likigawanywa mara 4, ni 16, na muziki wa dansi wa Ulaya na Marekani wakaa humo bila taabu. Programu zilizofuata zikanakili mashine, na mnakili akanakili mnakili, hata safu ya visanduku 16 ikaonekana kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Sasa tuchukue ngoma yenye mzunguko wa mapigo 12, kama zilivyo ngoma nyingi za Afrika Mashariki. Namba 12 ina utajiri ambao 16 haina: yaweza kugawanywa katika makundi ya 2, 3, 4 au 6, na wapigaji wawili waweza kushika migawanyo miwili kwa wakati mmoja, mmoja akihesabu tatutatu na mwenziwe nnenne. Tukijaribu kuuweka mzunguko huo katika visanduku 16, kila pigo litachukua kisanduku kimoja na theluthi. Pigo la 1, la 4, la 7 na la 10 yataangukia mwanzo wa kisanduku. Mapigo 8 yaliyosalia yataangukia kati. Programu ikiyavuta hadi kwenye mstari ulio karibu, kila moja litakosewa kwa theluthi ya kisanduku. Ikiwa mzunguko mzima wadumu sekunde 2, kisanduku ni milisekunde 125, na kosa ni milisekunde 42 hivi. Mpigaji wa ngoma husikia kosa dogo kuliko hilo. Naye kijana aliyeketi mbele ya kompyuta aweza kudhani kwamba ngoma ya babu yake ndiyo iliyokosa mpangilio.

Haki isemwe: programu huria ya midundo iitwayo Hydrogen yaweza kubadili urefu wa mzunguko, na yaweza kugawanya pigo katika tatu. Uwezo umo. Lakini umewekwa katika orodha ndogo ambayo mgeni haoni sababu ya kuifungua, na kitu kisichoonekana katika kiolesura, kwa mtumiaji mpya ni kama hakipo. Hapo ndipo msanifu wa Nyasubi ana kazi ya kufanya. Aweza kuuliza kwanza, kabla ya kuchora kisanduku cho chote: “Mzunguko wako una mapigo mangapi?”

Aweza pia kuacha mstari na kuchora duara. Mstari una mwanzo na mwisho, hali mzunguko wa ngoma hauna. Pigo la mwisho hupokewa na la kwanza. Duara lenye nukta 12 kila mwanafunzi alijua tangu darasa la kwanza, kwa kuwa ni uso wa saa. Duara la nje laweza kuwa la ngoma kubwa, la kati la ngoma ndogo, la ndani la manyanga. Lina faida nyingine isiyotazamiwa. Wapigaji wa ngoma hawakubaliani daima pigo la kwanza ni lipi, kama vile saa moja yetu si saa moja ya Mwingereza, ingawa mshale ni ule ule. Duara laweza kuzungushwa mpaka kila mmoja aone mwanzo wake juu, na mapigo yasibadilike hata kidogo.

Sauti zisizokuwamo katika piano

Tatizo la piano ni la namna hiyo hiyo. Kinanda hugawanya oktava katika nusu-toni 12 zilizo sawa. Ngazi za sauti za makabila mengi hazifuati mgawanyo huo. Mfano uliochunguzwa sana ni wa Wagogo wa Dodoma, ambao ilimba yao ilifikishwa mbali duniani na Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003. Muziki wa Wagogo hufuata mitetemo ya asili, ile ambayo uzi mmoja au bomba moja huitoa lenyewe kwa uwiano wa namba nzima: 4, 5, 6, 7 na kuendelea.

Tupime. Ikiwa sauti ya 4 ni mitetemo 200 kwa sekunde, sauti ya 7 ni mitetemo 350. Sauti ya piano iliyo karibu nayo ni nusu-toni 10 juu ya ile 200, yaani 200 × 1.7818, ambayo ni mitetemo 356.4. Zikipigwa pamoja sauti hizi mbili zitavumisha mawimbi yapatayo 6 kwa sekunde, na hata asiye mwanamuziki atayasikia. Wapimaji huigawanya nusu-toni katika senti 100. Tofauti hii ni senti 31. Faili la SFZ huruhusu kila sampuli ishushwe au ipandishwe kwa senti, hivyo injini haina shida. Shida i katika uso. Ukimchorea mpiga ilimba vitufe vyeupe na vyeusi, umemwambia wapi sauti zake zapaswa kuwapo. Mchoree vyuma vya ilimba kwa mpangilio wa vidole gumba vyake, na kila chuma kikubali kusogezwa juu au chini kwa kidole, huku mitetemo yake ikiandikwa kando. Mwalimu wa fizikia atapata somo la mawimbi kutoka katika chombo hicho hicho.

Uzuri na mapambo

Msomaji aweza kuuliza: je, picha ya ngoma iliyopigwa kwa kamera, yenye mbao na ngozi, haipendezi zaidi? Hupendeza kwa siku mbili. Programu nyingi za muziki zimejaa picha za namna hiyo: skurubu zisizofungua kitu, vivuli, na vitufe vya kuzungusha kama vya redio ya zamani. Kitufe cha kuzungusha kiliumbwa kwa ajili ya vidole viwili. Kipanya huenda mbele na nyuma, na kidole juu ya kioo vilevile. Kwa hiyo mtumiaji hubaki akijiuliza azungushe au avute. Kwa maoni ya mwandishi, kitufe cha kusogeza katika mstari ni bora karibu kila mahali. Picha nayo ina gharama. Picha iliyojaza kioo cha nukta 1366 kwa 768, kwa baiti 4 kila nukta, yachukua baiti 4,196,352 za kumbukumbu, kiasi cha mapigo 24 ya ngoma tuliyoyapima hapo juu.

Gharama kubwa zaidi ni ya wakati. Kompyuta hutayarisha sauti kwa mafungu. Fungu la vipimo 256 ni milisekunde 5.8, la vipimo 1,024 ni milisekunde 23. Sauti husafiri hewani mita 343 hivi kwa sekunde, hivyo kuchelewa kwa milisekunde 23 ni sawa na kuisikia ngoma yako kutoka mita 8. Kompyuta dhaifu iliyolemewa na michoro ya kuchezacheza hulazimika kutumia mafungu makubwa, la sivyo sauti hukatika. Singeli huweza kufikia mapigo 300 kwa dakika, yaani pigo moja kwa kila milisekunde 200. Kuchelewa kwa 23 ni zaidi ya sehemu ya kumi ya pigo. Vijana wa Dar es Salaam waliorekodi nyimbo za mkusanyo Sounds of Sisso, uliotolewa Kampala mwaka 2017, walisikika hadi Ulaya, na muziki wao hauvumilii uzembe wa namna hiyo.

Ukubwa wa vitu una kanuni yake. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kufikia shabaha kwa mkono huongezeka shabaha ikiwa mbali na hupungua ikiwa pana. Basi sehemu za kupigia ziwe pana na karibu, na kitufe cha kufuta kiwe kidogo na mbali, kisiwe jirani wa kitufe cha kuhifadhi. Bora zaidi, programu ijihifadhie kazi yenyewe kila dakika, kwa kuwa umeme ukikatika haumngoji mtu abonyeze.

Rangi ziwe chache. Wapo watu, wengi wao wanaume, wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Kwa hiyo ngoma mbili zitofautishwe kwa umbo pia. Na ile desturi ya kutumia usuli mweusi katika programu za muziki ilitoka katika studio zenye giza. Uani, jua la Kahama likiwa utosini, kioo cheusi huwa kama kioo cha kujitazamia. Maandishi meusi juu ya rangi ya mchanga yatasomeka.

Maneno

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye maneno ya Kiswahili. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba programu huria yaweza kusema Kiswahili pasipo kuomba kibali kwa kampuni yo yote. Programu za sampuli zahitaji juhudi ya namna hiyo hiyo, na ugumu wake si wa kamusi peke yake. “Hifadhi” lina herufi saba mahali Mwingereza alipotumia nne. Kisanduku kilichopimwa kwa Kiingereza hulikata neno katikati. Upana wa visanduku ufuate maneno.

Kuna pia maneno ambayo yafaa kuyaepa kwa kuchora. Kila sauti hupanda, hushuka kidogo, hudumu, kisha hufifia, na mafundi wamezipa hatua hizo nne majina ambayo hata msemaji wa Kiingereza hulazimika kufundishwa. Chora mstari wenye kilima na mteremko, mtumiaji auvute kwa kidole, asikie. Majina yatafuata, na pengine wapigaji wenyewe wanayo. Kabla ya kutunga neno jipya la mlio wa katikati ya ngozi na wa ukingoni, aulizwe mpiga ngoma huviitaje kwa lugha yake.

Kiolesura kiwe pia na mahali pa kuandika nani alipiga, kijiji gani, tarehe ipi, na kwa masharti gani alikubali kurekodiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imezikumbuka sanaa za jadi. Lakini sampuli ya sekunde 2 husafiri haraka kuliko sheria, na ikiondoka bila jina hairudi nalo. Nafasi hiyo isifichwe. Ionekane kila sampuli inapofunguliwa.

Kuanza kwa karatasi

Shule isiyo na kompyuta ya kutosha yaweza kuanza kazi hii leo. Chora kiolesura kizima katika karatasi moja kubwa, kwa ukubwa wake halisi. Mpelekee mpiga ngoma ambaye hajawahi kutumia programu ya muziki, umwamkie, umweleze nia yako, kisha umwombe afanye mambo matatu: apige pigo zito, aongeze ngoma ya pili katika mzunguko, afute pigo alilokosea. Aguse karatasi kwa kidole kana kwamba ni kioo. Mwanafunzi mmoja asimame kama kompyuta na kutoa sauti kwa kinywa. Mwingine aandike mahali kidole kiliposita. Msimsaidie, wala msimweleze alichokusudia msanifu. Karatasi ya pili ichorwe jioni hiyo hiyo, na ipelekwe kwa mpigaji mwingine ambaye hakuiona ya kwanza.